Vibati vya Baridi

Siku yangu ya mwisho kazini Furaha, anayeachiwa kazi yangu, aliniuliza mahali ninapoficha chumvi ya mawe. Nilimwonyesha. Akauliza kwa nini kisu cha kutolea matumbo hakilali pamoja na kisu cha kuchunia. Nilimweleza. Kisha akauliza kwa nini, kabla ya kura ya uwindaji, vibati vyote vya shaba vinatumbukizwa kwenye beseni la maji ya moto kana kwamba tunataka kuvitokosa. Hapo nilivua aproni, nikamwambia, "Hilo nitakuandikia. Nikianza kulisema sasa utakosa taksi ya kurudi mjini."

Basi naliandika, kwa ajili yake na kwa ninyi wengine mliobaki bandani. Habari za vyeo mtanisamehe. Nilianza nikiwa mtu wa banda na nimemaliza nikiwa mtu wa banda, na kilichobadilika katikati ni aproni.

Nilizaliwa Kigoma, wa kwanza kati ya wanne. Baba na mama walifariki wakifuatana, na mimi nikaacha shule darasa la sita kwa sababu nyumba yenye watoto lazima iwe na mtu wa kupika. Wadogo wawili walipopata pa kujishikiza kwa shangazi, nilikuja Durban na wa mwisho, Shabani, ambaye alikuwa bado analala huku ameshika kanga yangu. Tulipata chumba Berea, kwenye jengo lililojaa wanafunzi, na nikaanza kuuliza kazi mlango kwa mlango. Mwanamke mmoja wa Kongo aliyesuka nywele pale chini ndiye aliyenielekeza Queensburgh. "Kule iko chama cha wawindaji," aliniambia. "Wanatafuta mtu wa kuosha. Lakini dada, kule iko damu mingi."

Ukumbi wa chama ulikuwa mbele, na banda la kuchunia nyuma, pamoja na chumba cha baridi. Wanyama walipigwa kaskazini mwa jimbo, wakatolewa matumbo hukohuko, kisha wakaletwa kwetu kwa pikapu ili wachunwe, wakatwe na kugandishwa au kukaushwa. Siku nilipofika nilimkuta mtu mrefu amekaa kwenye kreti, ananoa kisu bila kukitazama. Huyo alikuwa Baba Mkhize, mkuu wa banda.

"Unaogopa damu?" aliniuliza.

"Nimelea watoto watatu, Baba."

"Nimekuuliza damu, si vita," akasema, akacheka peke yake, akanipa mpira wa maji.

Hakunipa kisu kwa muda mrefu. Alinipa chuma cha kunolea, nikanoa visu vya wengine mpaka masikio yangu yakajua sauti ya makali yaliyokaa sawa. Alisema kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinalazimishwa. Aliponipa kisu, alinifundisha kwamba kuchuna si kukata. Kisu kinafungua mlango tu, miguuni na kifuani, halafu ngumi ndiyo inayoingia kati ya ngozi na nyama, ikisukuma polepole. Mtu anayechuna kwa kisu tangu mwanzo hadi mwisho ataiharibu ngozi, na mwenye ngozi ataitundika ukutani kwake maisha yake yote akiangalia matundu yako.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa ngiri. Mimi ni Mwislamu, na ngiri ni nguruwe hata akiwa na pembe za heshima. Siku alipotundikwa ngiri wa kwanza mbele yangu nilisimama tu. Jumapili nilikwenda Chatsworth, ambako jamaa wa Kizanzibari wana msikiti wao, nikamuuliza ustadhi.

"Unamla?" akaniuliza.

"Simli."

"Unamuuza?"

"Ninamvua ngozi tu, kwa ajili ya mwenyewe."

"Basi vaa glovu, uoshe mara saba, mojawapo kwa udongo, uende kazini."

Nikaweka kopo la udongo karibu na bomba. Baba Mkhize alidhani ni dawa ya Kigoma, na kwa miezi kadhaa hakugusa bomba lile bila kuniomba ruhusa. Nilimwacha adhani hivyo. Bomba lilikuwa linatoa maji vizuri kuliko jingine.

Sasa nije kwenye vibati.

Chama kilikuwa kimekodi shamba kubwa la wanyama, linapakana na kwao Baba Mkhize. Kila mwaka kabla ya kipupwe wanyama walihesabiwa, na chama kikaambiwa ni wangapi wanaweza kupigwa bila shamba kudhoofika. Wanyama hao siku zote walikuwa wachache kuliko bunduki. Aliyemtaka kila mtu ni nyala, yule swala mkubwa ambaye dume lake ni jeusi, lina manyoya ya kuning'inia na mistari myeupe mgongoni.

Nafasi ziligawiwa hivi. Sehemu kubwa ilikuwa ya wanachama wakazi wa jimbo letu, na ilikwenda kwa ukongwe: aliyekaa chamani muda mrefu alitangulia. Zilizobaki ziliitwa nafasi za wazi. Hizo ziligombewa kwa kura, katika ndoo moja, na watu wa aina mbili: wakazi wapya wasio na ukongwe, na wanachama wote wa majimbo mengine, hata kama walikuwa chamani tangu enzi za kaburu. Kwa hiyo mtu wa Johannesburg angeweza kuzeeka ndani ya chama na bado akawa anasubiri ndoo pamoja na kijana aliyejiandikisha juzi, ili mradi kijana huyo alikuwa na bili ya umeme ya Durban.

Bili ya umeme ndiyo iliyokuwa ushahidi wa ukazi. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeishi Pretoria mwaka mzima na kuja kwenye fleti yake ya ufukweni wakati wa Krismasi tu. Bili alikuwa nayo, kwa hiyo alikuwa mkazi. Kulikuwa na dereva wa lori aliyelala Durban kila wiki kwenye chumba cha kupanga kisicho na bili. Huyo alikuwa mgeni. Mimi nilisikia haya yote nikipitisha nyama, na sikuulizwa.

Mlalamikaji mkubwa alikuwa Bwana Venter wa Johannesburg, fundi wa mitambo ya lifti, mtu mwenye sauti ya kupita ukutani. Kila mkutano alisimama.

"Nyala hana kitambulisho," alisema. "Leo analala upande huu wa mto, kesho upande ule. Nani kawaambia ni wenu?"

"Uzio ni wetu," akajibiwa na mkazi mmoja. "Wewe ukiwa kwako Jumapili unachoma nyama, sisi tuko kule tunashona waya."

"Niiteni nije nishone! Mmewahi kuniita?"

"Na mimi nilipoomba kuwinda jimboni kwenu niliwekwa nyuma ya kila mtu."

"Kwa hiyo unanilipizia mimi? Mimi ndiye niliyekuweka nyuma?"

Nilikuwa nikiwasikiliza na kuona kwamba wote wawili wana haki, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote. Baba Mkhize hakuwa na shida hiyo. Alisema kwa sauti ndogo, akiwa ananoa, "Hawa wote ni wageni. Mkazi ni yule ambaye mahindi ya mama yake yameliwa." Nyala wa shamba lile waliruka uzio na kula mahindi ya kwao kila mwaka, na kwenye ndoo hapakuwa na kibati cha mtu hata mmoja wa kijiji chake.

Ndoo ya wazi ilikuwa na ugomvi mwingine: nani achote. Mwaka mmoja alichota mke wa mkazi, watu wa nje wakasema wameibiwa. Mwaka uliofuata alichota mtu wa nje, wakazi wakasema hivyohivyo. Ndipo katibu wetu, Bwana Govender, mtu mpole aliyetembea na tambi zilizokaangwa na mama yake ndani ya bahasha kuukuu, akasema mbele ya mkutano, "Tunahitaji mtu asiye na jimbo."

Mimi nilikuwa naingia mlangoni na ndoo yenyewe. Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Mwamini hana jimbo," akasema Govender, akinitaja kwa jina.

Ilikuwa kweli. Kibali changu cha kukaa kilikuwa cha kuhuishwa kila mara, na mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kuwa mwanachama, wala kushika bunduki, wala kupata nafasi. Jambo lililonifungia milango mingine yote ndilo lililonifungulia ndoo. Venter akaongeza sharti moja: nivae glovu nene, nisije nikazisoma namba kwa vidole, maana vibati vilichongwa namba kwa kina. Wakaniletea glovu ndefu ya ngozi, ile ya wachomeleaji vyuma, inayofika kwenye kiwiko. Nikachota. Hakuna aliyelalamika. Mwaka uliofuata nikaitwa tena, na tena, mpaka ikawa kazi yangu.

Lazima nieleze vibati vyenyewe, kwa sababu Furaha anavijua kwa sura tu. Ni vipande vinene vya shaba, vyenye tundu. Vilikuwa na kazi mbili. Siku ya kura viliingia kwenye ndoo, na msimu ukianza kibati hichohicho kilifungwa mguuni mwa mnyama wako ili nyama yako isichanganywe na ya mwingine. Kila mwanachama mkazi alikuwa na kibati chake cha kudumu, na vibati hivyo vyote vilining'inia kwenye ubao wenye misumari ndani ya chumba cha baridi, kwa sababu pale ndipo vilipotumika na pale ndipo palipokuwa na kufuli nzuri. Watu wa nje walipewa vibati vyao asubuhi ya kura, walipofika na kujiandikisha. Hivyo vilikaa ofisini, kwenye mkebe wa biskuti, dirishani.

Mmekwisha kuelewa. Sisi hatukuelewa kwa miaka mingi, kwa sababu ya glovu.

Shabani alikua. Alisoma Durban, akaongea Kizulu cha mtaani vizuri kuliko nilivyowahi kuongea Kiha, akaja bandani kunisaidia na hakutoka. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, hilo naliandika hapa ili asiseme sikuwahi kukiri. Karatasi zake za ukazi wa kudumu zilitoka kabla ya zangu, kwa kuwa alikulia hapa, na jambo la kwanza alilofanya ni kujiandikisha chamani. Akapewa kibati chake na msumari wake kwenye ubao. La pili alilofanya ni kumchumbia Nomusa, binti wa Baba Mkhize.

Baba Mkhize alikubali haraka mno, akisema amemchunguza kijana huyu tangu alipokuwa akiteleza kwenye mafuta ya sakafuni. Ugumu ulikuwa kwenye chakula. Ng'ombe wa harusi angechinjwa kwa desturi ya wakwe, mbele ya mizimu yao, na sisi tusingemla. Mbuzi wetu angechinjwa na mtu wetu, na wao wangeona tunakataa chakula chao kwao. Shabani alilifikiria hilo kwa muda, kisha akaja na wazo lake.

"Dada, nyala," aliniambia. "Nikipiga mwenyewe na kusoma bismillahi, sisi tunakula. Na wao wanakula, maana ni nyala wa pale kwao, aliyekula mahindi yao. Sufuria moja, watu wote."

"Na usipopata nafasi?"

"Eish, Dada. Kwani ndoo ina nini na mimi?"

Baba Mkhize alilipenda wazo lile kupita kiasi. Alikwenda kuwaambia ndugu zake kijijini kwamba mkwe wake anakuja na dume la nyala, na baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Kaka yake mkubwa alituma salamu: "Mwambieni mkhwenyana tunasubiri. Tumeonja mahindi bila nyama miaka mingi." Mkhwenyana ndivyo wanavyomwita mkwe wa kiume, na kwa namna wanavyolitamka unajua kama wanakupenda au wanakupima. Hawa walikuwa bado wanapima.

Nilimwendea Govender nikamwambia mdogo wangu yumo kwenye ndoo, atafute mtu mwingine wa kuchota. Alilitangaza mkutanoni. Hakuna aliyepinga mimi kuchota. "Na glovu ile?" mmoja akasema. "Hata mwanawe asingemtambua."

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi yenye joto la Durban, lile linaloingia hata kwenye karatasi. Ukumbi ulijaa. Nilitoa vibati vya wakazi wapya kwenye ubao wa chumba cha baridi, nikavimwaga ndooni. Govender akaleta vya watu wa nje kutoka ofisini, akavimwaga juu yake, tukatikisa. Nikavaa glovu.

Venter akasimama.

"Samahani, mama," akasema. Aliniita mama, ingawa tulilingana umri. "Sina neno na wewe. Lakini glovu hiyo ni ndefu. Mtu anaweza kuficha kibati mle ndani, na leo ndugu yako yumo. Vua, tuone mkono."

Kukawa na kelele. Wengine walisema ni matusi, wengine walisema ni haki yake. Mimi niliona ni haki yake. Nikavua glovu, nikakunja mkono wa gauni mpaka begani, nikauonyesha mkono mbele na nyuma kama muuza samaki, watu wakacheka, nikaanza kuchota.

Cha kwanza kilikuwa cha mtu wa nje. Cha pili, wa nje. Cha tatu kilikuwa cha Venter mwenyewe, akapiga kofi la furaha kwenye paja. Vikafuata vingine, vyote vya nje. Wakazi wapya wakaanza kunung'unika upande wa dirishani. Nafasi zilikuwa zinaisha. Nikaingiza mkono tena, nikatoa, nikampa Govender, akasoma namba.

Ilikuwa ya Shabani.

Baba Mkhize alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. Alipiga mluzi ambao sijapata kuusikia tena, na Shabani akawa amekumbatiwa na watu watatu. Mimi nilikuwa natazama kiganja changu. Kilikuwa kimelowa.

Vibati vya shaba vikitoka chumba cha baridi na kuingia kwenye hewa ya Durban hutoa jasho. Kila mtu wa banda analijua hilo. Ndiyo maana tunavifuta kabla ya kuvifunga mguuni mwa mnyama. Lile joto la mikono yangu, kwa muda wote wa kuchota, lilikuwa limekutana na shaba kavu, ya kawaida, na hiki cha Shabani kilikuwa cha kwanza kuwa baridi na majimaji. Nikaingiza mkono ndani ya ndoo, safari hii bila kuchota, nikagusa. Hiki kikavu, wa nje. Hiki cha baridi, mkazi. Hiki cha baridi. Ningeweza kuwatenga wote kwa macho yaliyofumbwa. Mkono wangu, bila kuniambia, ulikuwa unakimbia baridi na kuchukua kilicho kikavu.

Ukumbi ulikuwa unapiga makofi. Shabani alikuwa ananitazama huku akicheka mpaka fizi zinaonekana. Nilijua nikitoa mkono na kuchota kilichobaki, kura itakwisha, na jambo hili halitajulikana na mtu isipokuwa mimi.

"Bwana Govender," nikasema, "mkono unajua."

"Unajua nini?"

"Vya ubaoni ni vya baridi. Vya ofisini si vya baridi. Njoo uguse."

Akaja, akagusa. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa paa linavuja wakati wageni wamekwisha kukaa. "Mwamini," akasema kwa sauti ya chini, "toa tu hicho cha mwisho tumalize."

"Siwezi kutoa. Nitajua ninatoa cha nani."

Sitaandika yote yaliyosemwa. Waliokwisha kushinda walisema kura ni kura. Wakazi walisema wameonewa. Mtu mmoja wa nje aliuliza kama mambo yalikuwa hivi miaka yote, nikamwambia miaka yote nilivaa glovu, na glovu ile haisikii hata moto. Ndipo watu wakaanza kumtazama Venter, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka ivuliwe.

Venter alikuja mbele, akagusa vibati ndani ya ndoo, kimoja kimoja. Kisha akatoa kibati chake mfukoni, akakirudisha.

"Kama mkono unajua, hiyo si kura," akasema. "Rudisheni."

Baada ya yeye kurudisha, wengine walirudisha, baadhi kwa kuvitupa. Wa mwisho alikuwa Shabani. Alikiweka polepole, bila kunitazama.

Baba Mkhize ndiye aliyeleta beseni la maji ya moto, lile la kunyonyolea ndege. Tukavimwaga vibati vyote mle, tukaviacha mpaka vikawa na hali moja, tukavifuta kwa taulo, tukavirudisha ndooni. Nikavaa glovu baada ya Venter kuingiza mkono wake ndani na kuikagua hadi kwenye vidole. Tukaanza upya.

Namba ya Venter ikatoka tena. Ya Shabani haikutoka.

Nilirudi Berea na Shabani. Kwenye ngazi za jengo letu ndipo aliposimama.

"Mkono ulikuwa unakimbia baridi, si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

"Na mimi nilikuwa wa baridi."

"Ulikuwa wa baridi."

"Basi nilitoka mkono ukiwa unanikimbia. Kati ya wote pale ndani, mimi peke yangu ndiye ambaye sikupendelewa. Mimi ndiye niliyeshinda kwa haki, Dada, na mimi ndiye uliyeninyang'anya."

Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi. Nililomwambia siku ile ni kwamba mtu hawezi kuifuta kura ya wenzake na kuiacha ya mdogo wake. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nina hasira." Akapanda juu. Kwa wiki kadhaa alinisalimia shikamoo kwa heshima zote, kama mtu wa ofisi ya serikali.

Kipupwe kilipofika, Venter alipiga nyala wake, na kazi ya kumchuna akamwomba Shabani. Kwa desturi ya banda letu, shingo ni ya mchunaji. Shabani alitaka kukataa. Baba Mkhize akamwambia asiwe mjinga, ahadi ya nyala ni ahadi, na shingo ni sehemu ya nyala. Kwa hiyo mkhwenyana alifika kwa wakwe zake kaskazini na mahari yake kamili, na shingo moja ndani ya gunia la chumvi.

Kaka mkubwa wa Baba Mkhize alifungua gunia, akachungulia, akachungulia tena.

"Nyala huyu," akasema, "amekuja kwa awamu."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Shabani naye alicheka, na hapo nilijua amenisamehe, au angalau amechoka kunikasirikia. Lakini risasi ilikuwa ya Venter, na Venter hakusoma bismillahi. Kwa hiyo shingo ilipikwa pamoja na ng'ombe kwenye sufuria yao, na mbuzi akapikwa kwenye yetu, upande wa pili wa ua. Mama yake Nomusa alizitazama sufuria mbili zinazotoa moshi, akatikisa kichwa. "Hata jikoni," akasema, "kuna wakazi na watu wa nje."

Chama kilijifunza kidogo. Maji ya moto yakawa kanuni, ingawa watu wapya huona ni uchawi wa banda. Baadaye Baba Mkhize alisimama mkutanoni kwa mara ya kwanza na kusema yale ya mahindi ya mama yake kwa sauti ya watu wote kusikia, na aliyemuunga mkono kwanza alikuwa Venter. Siku hizi kijiji kina vibati vyake ndani ya ndoo. Ugomvi wa wakazi na watu wa nje haujaisha, wala sitegemei uishe. Mkipitisha nyama mtausikia. Msikilize, msichukue upande, na msiache mlango wa chumba cha baridi wazi kwa sababu ya kusikiliza.

Shabani ameingia kwenye kura kila mwaka tangu hapo, maana foleni ya ukongwe ni ndefu, na namba yake haijatoka. Anasema nimeifua bahati yake kwa maji ya moto. Watoto wake wamekua wakijua kwamba nyumbani kwa babu yao kuna sufuria mbili, na wa kwanza ameanza kuuliza kwa nini.

Karatasi zangu za ukazi wa kudumu zilitoka wakati nilipokuwa najiandaa kustaafu. Govender, ambaye naye ni mzee sasa, alinikumbusha kwamba anayechota haruhusiwi kuwa na kibati, lakini anayestaafu hachoti tena. Nikajiandikisha, kwa bili ya umeme ya Berea. Sijawahi kushika bunduki na sitashika. Kanuni inamruhusu mwanachama asiyepiga kumtaja ndugu ampigie, na mimi ndugu ninaye. Yeye atasoma bismillahi. Sufuria nitaileta mimi, kubwa, moja.

Kwa hiyo Furaha, mwaka huu utachota wewe, kwa kuwa karatasi zako bado ni za kuhuishwa na huna jimbo. Kibati changu kiko ubaoni, msumari wa mwisho karibu na mlango, chini ya cha Shabani. Kitoe pamoja na vingine. Chemsha maji kabla watu hawajafika, vifute vyote vizuri, vaa glovu, na mtu akitaka kuikagua mwache aikague. Ukishaingiza mkono ndani ya ndoo, usinitafute.